Mwaka Tulioleta Maua kutoka Buleusa

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Niliona gari la kwanza kupanda mlima wetu, likisukumwa na watu ambao lilipaswa kuwabeba, na nikaendelea kupalilia. Niliona ndege ya Wazungu ikipita juu ya maharage yetu, akina mama wakikimbilia migombani, nami nikainua kichwa kidogo tu. Lakini mubafu ulipochanua niliacha jembe palepale, hata kama papa alikuwa ananitazama.

Kwa asiyeujua, mubafu ni mti wa msitu, mrefu, wenye shina lililonyooka na majani mabichi mwaka mzima. Ukilikwaruza gome lake linatoa utomvu unaoganda na kuwa mweupe. Huo tuliuchoma kanisani kuwa ubani, na nyumbani kuwa taa. Matunda yake ni ya zambarau, makubwa kama yai la njiwa, yenye nyama ya mafuta. Unayatia katika maji ya uvuguvugu yanalainika, unayala kwa chumvi na muhogo. Ukiyatia katika maji yanayochemka yanakuwa magumu, na hapo umeharibu chakula na watoto watakuchukia.

Maua yake sasa. Ni madogo, rangi ya maziwa yaliyolala, hayazidi ukucha wa kidole cha mwisho, na karibu yote yanakaa juu kabisa ambako jicho la mtu wa chini halifiki. Mti mkubwa kuliko kanisa, na ua dogo kuliko ua la mharage! Kwa hiyo mubafu ukichanua huuoni, unausikia. Asubuhi jua likipiga, mlima wote ulianza kuvuma. Ulikuwa uvumi mzito, wa sauti moja, unaotoka juu na kuingia kifuani. Mizinga ya papa nyuma ya nyumba ilinyamaza, kwa maana nyuki wote walikuwa wameondoka kwenda kule. Tulisimama chini tukinyamaza pia, midomo wazi, maua yakituangukia vichwani. Mtoto aliyepiga kelele alizibwa mdomo. Hakuna aliyetuamuru, ila ilikuwa wazi kwamba juu ya vichwa vyetu kuna kazi inafanyika ambayo haituhusu.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye mgongo wa mwisho wa Masisi, mahali ambapo vilima vinaanza kuteremka kwenda Walikale. Sisi tulikuwa watu wa maharage na mihogo, watu wa misa ya Jumapili na jembe la Jumatatu. Mama alitoka kule chini, upande wa Buleusa, kwenye msitu na joto. Alipoolewa mlimani kwetu, babu, baba yake papa, alimpa mubafu uliosimama karibu na nyumba. Ndiyo ilikuwa desturi ya ukoo: bibi arusi aliyetoka mbali anapewa mti uliokwisha simama. Shamba ni la mume, nyumba ni ya mume, lakini matunda ya mti ule ni ya mwanamke, na hata mumewe hayachumi bila kumwomba. Mama alipenda kusema kwamba kwenye mlima ule wote wenye baridi na maharage yasiyoisha, ni mti ule tu aliojua kuuita wangu.

Na mti ulitulisha. Wakati wa vita ya Wazungu, wanaume walipelekwa kwenye kazi ya barabara na kutafuta utomvu wa mpira msituni, na mashamba yakabaki mikononi mwa wanawake na sisi watoto. Kuna msimu mvua iliozesha maharage yote. Tuliishi kwa matunda ya mama. Alipasha maji moto jioni, akaingiza kidole kupima uvuguvugu, akatumwagia matunda, nasi tukala mpaka midomo ikawa myeusi. Majirani waliokuwa wakimcheka kwamba amezoea chakula cha nyani walikuja na vikapu, wakaomba kwa adabu. Aliwapa. Aliwakumbusha pia maneno yao, maana mama yangu hakuwa malaika.

Mubafu wa pili ulisimama ng'ambo ya kijito, pembeni mwa shamba la maharage. Huo ulichanua kila msimu pamoja na wa mama, ulivuma vilevile, na haukuzaa hata tunda moja. Tulipenda kucheza chini yake kwa sababu maua yake yalikuwa na unga wa manjano. Tulipakana puani, tukajiita Wazungu.

Vita ilipoisha, watu wa mlima wetu waliamua kujenga kanisa la mbao badala ya lile la udongo lililokuwa likinyeshewa. Kila familia ilitakiwa kutoa kitu. Papa, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na alipenda kuwa wa kwanza, alisimama akasema:

"Mimi natoa ile muti ya ng'ambo. Iko dume, sawa papai. Inakula udongo ya bure."

Hakuna aliyeshangaa. Mpapai dume kwetu haukuishi. Ukichanua na kuonyesha kwamba hautazaa, unapigwa panga siku hiyohiyo, na mipapai mingine inaendelea kuzaa kama kawaida kwa sababu kila nyumba ina mipapai, na jirani yako ana dume aliyemsahau nyuma ya choo. Tulizoea hivyo. Basi wapasua mbao walikuja, wakachimba shimo lao, mmoja akasimama juu ya gogo na mwingine chini, msumeno mrefu kati yao, na baada ya siku nyingi za vumbi tulikuwa na kuta za kanisa zenye harufu ya ubani. Padri alisifu. Papa alitembea kama jogoo.

Msimu uliofuata mti wa mama ulichanua na kuvuma. Tuliandaa vikapu. Maua yakaanguka, na nyuma ya maua hakukuwa na kitu. Msimu mwingine vilevile. Wanawake walisema mti umezeeka. Wengine, wale wenye ndimi, walisema mti umefunga tumbo kwa sababu mwenyewe amefunga tumbo, maana baada yangu mama hakupata mtoto mwingine. Mama alisikia. Mambo kama hayo husemwa makusudi ili yasikike.

Papa hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alichimba kuuzunguka mti, akaweka samadi ya ng'ombe kama alivyosikia katika mahubiri ya mti usiozaa. Akangoja. Mti ukachanua, ukavuma, ukadondosha maua matupu. Na kanisa lilikuwa na kuta bila mabenchi, watu wanakaa sakafuni, na wazee wenzake wakaanza kuutazama mti wa mama kwa macho ya msumeno. Jumapili moja baada ya misa alisimama mbele ya watu akasema kwamba ukichanua tena usizae, watapasua mabenchi. Hakumwuliza mama kwanza. Tulirudi nyumbani yeye mbele, mama nyuma, mimi katikati, na nakwambia njia ile haijawahi kuwa ndefu hivyo.

Wakati huo nilikuwa msichana mkubwa, nimeshaanza kuulizwa na watu wenye wana wa kuoa, na nilikuwa na hasira za umri ule. Nilimwambia mama ukweli: papa alikuwa ametoa kisicho chake. Mama alijibu:

"Nyamaza. Muti isiyozaa ni ya nani? Mimi nitaipigania na nini?"

Basi tulijua sote. Msimu mmoja umebaki. Mti ukizaa, ni wa mama. Usipozaa, watu watakaa juu yake Jumapili.

Jibu lilitoka kwenye maboga. Mama alikuwa akichuma mboga asubuhi, majani na maua ya maboga, na kama wanawake wote alichuma maua ya dume na kuacha yale yenye kiboga kidogo nyuma. Mtu wa kwetu anayajua hayo kabla ya kujua Baba Yetu. Alikuwa ameshika ua la dume, vidole vimejaa unga wa manjano. Akavitazama. Akakaa chini katikati ya majani yenye umande.

"Njoo hapa," akaniita. "Leta pua yako."

Nilidhani amechanganyikiwa. Alinipaka ule unga puani.

"Kule ng'ambo mulijipaka hii bunga. Na chini ya muti yangu, mulikuwa mukijipaka?"

Nikafikiri. Maua ya mti wake tulikuwa tunayatupa. Hayakuwa na unga, hayakufaa kwa mchezo.

"Hapana, mama."

Alifumba macho. "Tuliua bwana yake," akasema.

Nilisimama pale na pua ya manjano, nywele zimenisimama. Miaka yote ile tuliyosimama chini tukisikiliza uvumi, ilikuwa ni arusi. Miti miwili isiyoweza kutembea, kijito katikati, na nyuki wanapeleka unga miguuni mwao kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, ua kwa ua, na ndiyo maana tulikula wakati wa njaa. Chembe ya vumbi kwenye mguu wa nyuki ilitubakiza hai. Niliogopa, kwa ile hofu nzuri ya kanisani wakati kengele ya mageuzo inalia, padri akiinua hostia, na watu wote wanainama.

Papa alipoambiwa alicheka kwa sauti.

"Sasa muti iko na bwana? Ni mupadri gani alibariki ndoa yao?"

"Na maboga, Papa, nani anabariki?" mama akajibu. "Na unakulaka."

Papa akaacha kucheka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba neno lake alishalitoa mbele ya watu na hawezi kulimeza. Ikiwa mama anajua pa kumpata bwana wa mti, amlete. Nadhani alisema vile kumaliza mazungumzo. Kesho yake alfajiri mama alikuwa amefunga kiuno, na mimi nyuma yake na kikapu.

Hatukuwa na muda. Mti wetu ulikuwa umetoa vichipukizi vya maua vilivyofumba, na mama alijua kwamba kule chini, kwenye joto, mibafu huchanua mapema kuliko mlimani. Tuliteremka mchana kutwa, kutoka kwenye nyasi na baridi mpaka kwenye msitu ambamo jua linafika chini kwa vipande. Usiku ulipoanza kuingia tulifika Buleusa kwa kaka yake mama, mjomba wangu, mtu mfupi mwenye mikono mirefu, mpanda miti na mla asali. Alitusikiliza akitafuna.

"Dada, mulichelewa," akasema. "Huku maua ilisha anguka."

Mama hakulia. Aliomba maji ya kunywa tu. Mjomba alipoona vile alisimama, akasema labda kule kwenye mabonde yenye kivuli kuna aliyechelewa kama sisi.

Tulitafuta siku iliyofuata, shina kwa shina. Tuliangalia chini zaidi kuliko juu. Maua yaliyokauka tuliyaponda vidoleni: haya ya kike, haya ya kiume lakini yamekufa, haya ya kike tena. Mpaka kwenye bonde moja la majimaji, mama aliinama akaokota ua moja bichi, akalipuliza, na kidole chake kikawa cha manjano. Akapiga kigelegele peke yake msituni, ndege wakaruka.

Mjomba alizungusha kamba yake ya kupandia, ya mtwizi wa msituni, kiunoni na kwenye shina, akaegemea nyuma, akapanda kwa kurusha kamba juu na kuifuata kwa miguu, polepole, mpaka akawa sauti tu. Alikata vishada ambavyo maua yake mengi yalikuwa bado yamefumba, akaviteremsha kwa kamba. Tulivizungushia kuvumwani mbichi, yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye mashina, tukavifunga katika majani mapana ya kufungia chakula, tukavipanga kikapuni kama mayai. Mjomba akasema atakuja nasi, maana mama hawezi kupanda mubafu na mimi ningevunjika shingo kabla ya kuolewa.

"Nilizoea kupeleka asali," akasema akicheka. "Leo napeleka bwana arusi."

Kupanda kurudi sitakusahau. Kwenye kila kijito tulishuka, tukanyunyizia kikapu maji kwa majani. Jua lilipochoma tulikimbia kivulini. Mama alibeba kikapu kichwani na hakukubali kupokewa, shingo imenyooka, akinong'ona maneno ambayo sikuyasikia vizuri. Nusu yalikuwa sala na nusu yalikuwa matusi kwa mlima.

Tulipofika, wapasua mbao walikuwa wamekwisha chimba shimo lao. Walikaa pembeni wakila viazi, msumeno umelazwa kwenye nyasi. Papa alikuwa nao. Alitutazama, matope mpaka magotini, akamtazama shemeji yake na kamba yake begani. Juu, mti ulikuwa umeanza kuvuma.

Mama hakumsalimu. Alishusha kikapu, akafungua majani. Vile vishada vilikuwa hai, na baadhi ya maua yalikuwa yamefunguka njiani. Tulivitia katika vibuyu vya maji vyenye mdomo mpana. Mjomba akapanda, akavivuta kwa kamba kimoja kimoja, akavitundika kwenye matawi. Alifika upande wa mawio tu. Upande wa machweo matawi yalikuwa membamba na yenye nyuki wengi wenye hasira, na alipoumwa shavuni akasema ndoa ya nusu ni ndoa pia, akashuka.

Kisha tukangoja chini. Mwanzoni nyuki walivipita vibuyu vyetu kana kwamba ni takataka. Ndipo mmoja alitua. Nilimwona vizuri kwa sababu kibuyu kimoja kilikuwa chini kidogo, kwenye tawi la kwanza, lile moja lililoinama mpaka karibu na vichwa vyetu, penye mwanga. Aliingia ndani ya ua akajigeuzageuza, akatoka amepakwa manjano tumboni na miguuni, akaruka, akatua kwenye ua la mti wa mama, shubiri chache tu pembeni. Akaingia. Ni hayo tu. Lakini mimi nilishika mkono wa mama na mama akashika wangu. Akaja mwingine, na mwingine, mpaka vibuyu vilikuwa vyeusi kwa nyuki na uvumi ukazidi. Wapasua mbao waliacha viazi vyao. Mmoja alivua kofia. Nadhani hakujua anaivua kwa ajili ya nani.

Papa aliwaambia warudi kwao mpaka maua yaanguke.

Yalianguka. Tuliyaokota kila siku tukiyageuza. Na siku moja, kwenye tawi lile la chini, mahali ua lilipokuwa, palikuwa na kijani kidogo, kigumu, kama kichwa cha pini. Mama alikiona kwanza. Hakumwambia mtu. Alikuwa anakwenda kukitazama kila asubuhi, akirudi akinawa uso.

Miezi ilipita, matunda yakanenepa, yakageuka zambarau. Na mlima mzima ulikuja kuona, kwa sababu haikuwahi kuonekana: mti mmoja, upande wa mawio umelemewa na matunda mpaka matawi yameinama, upande wa machweo majani matupu. Mahali mkono wa mjomba ulipofika pamezaa. Mahali usipofika hakuna. Watu waliuzunguka mti polepole wakiinua vichwa, wakarudi walikotoka, wakauzunguka tena. Papa aliuzunguka peke yake baada ya wote kuondoka. Nilimwona kutoka jikoni. Aliweka kiganja kwenye shina, akakiacha pale muda mrefu, na Jumapili akasimama kanisani akasema alikosea kutoa mti wa mkewe, na watu wataendelea kukaa sakafuni. Watu walinung'unika. Alikaa chini nao.

Msimu uliofuata, vichipukizi vilipotokea, mama alianza kutafuta kitambaa cha kujitwisha. Papa alichukua kikapu kilipokuwa kimening'inia. Hakusema anakwenda wapi. Aliondoka nacho mkononi, mwanamume wa mlimani, mzee wa kanisa, na kikapu cha kike.

Alirudi Jumapili, watu wakitoka misa. Kulikuwa na njia ya nyuma, kupitia migombani, ambayo angeweza kupita asionekane na mtu. Alipita katikati ya uwanja wa kanisa. Kikapu kilikuwa kichwani mwake, juu ya kata ya majani ya mgomba, sawa na mwanamke. Maua yalikuwa yamefunguka kwa joto la njiani, na nyuki walikuwa wameyafuata, wanazunguka kichwa chake, wanatembea usoni, kwenye nyusi, kwenye midomo. Jicho moja lilikuwa limevimba likafumba. Vijana wakaanza kucheka. Mtu mmoja akampigia kelele awafukuze, watamuua.

"Nikiwafukuza," papa akasema bila kugeuza shingo, "nani atafanya kazi?"

Kicheko kikafa. Watu wakampisha. Mama alikuwa amesimama kati ya wanawake wenzake, rozari mkononi. Alitoka kwao, akaenda akatembea kando yake, karibu kabisa, mpaka nyuki wengine wakamhamia yeye, wakaenda hivyo mpaka nyumbani.